Kujiandaa kwa kemia ya mwaka wa kwanza wa chuo: mwongozo kwa wanafunzi wa Goma ambao hawakusoma sayansi

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yakishatangazwa, wapo vijana wa Goma waliomaliza ualimu, biashara au Kilatini na falsafa ambao huamua kujiandikisha katika uuguzi, kilimo, udaktari au mazingira. Katika juma la kwanza tu la masomo hukutana na mwalimu wa kemia anayedhani kwamba kila aliyeketi mbele yake anajua moli ni nini. Nimekaa mezani na wengi wao, daftari likiwa wazi kati yetu, na nimeona kwamba akili wanazo na kumbukumbu wanayo; kinachowaangusha ni kujaribu kukariri mambo ambayo yalipaswa kuhesabiwa. Mwanafunzi aliyezoea kujifunza historia kwa kuirudia kwa sauti huifungua kemia kwa namna ileile, anajaza kurasa kwa fasili, na siku ya mtihani anapewa gramu na lita.

Njia ninayoieleza hapa huchukua majuma kumi hivi, saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa juma. Haihitaji maabara. Inahitaji daftari mbili, kikokotoo chenye kitufe cha vipeo vya kumi, nakala ya jedwali la elementi ambayo utaikunja na kutembea nayo, na mwenzako mmoja wa kusoma naye. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inaibeba inayofuata.

Hatua ya kwanza: majuma mawili ya hesabu, bila kemia

Najua kwamba ushauri huu huwakera wengi, lakini ndio ninaousimamia kuliko yote. Kabla hujagusa atomu hata moja, hakikisha unaweza kufanya mambo manne bila kusita. La kwanza ni kanuni ya tatu: ikiwa kilo 3 za maharage zinatoa sahani 24, kilo 5 zitatoa ngapi? La pili ni vipeo vya kumi, yaani kuandika 0,00045 kuwa 4,5 × 10⁻⁴ na kurudi ulikotoka. La tatu ni kuhamisha herufi ndani ya fomula: ukipewa c = n/V, uweze kusema mara moja kwamba n = c × V na kwamba V = n/c. La nne ni vizio: miligramu kwenda gramu, mililita kwenda lita, nyuzi za selsiasi kwenda kelvini.

Jizoeze kuandika kizio kwenye kila mstari wa hesabu, hata pale unapoona kwamba hakuna haja. Anayeandika «18 ÷ 2 = 9» hajui amepata nini, ilhali anayeandika «gramu 18 ÷ gramu 2 kwa mililita = mililita 9» ameshajisahihisha mwenyewe. Uwe mwangalifu pia na alama ya desimali. Vitabu vyetu vya Kifaransa hutumia mkato, kwa hiyo 22,4 ni ishirini na mbili na sehemu nne za kumi. Video nyingi za intaneti na vikokotoo vya simu hutumia nukta kwa maana hiyohiyo, na mkato kwa kutenganisha maelfu. Nimeona jibu likikosewa mara elfu moja kwa sababu ya alama hiyo moja tu.

Hatua ya pili: alama za elementi, kwa Kifaransa na kwa asili yake

Jedwali la leo lina elementi 118, lakini kwa mwaka wa kwanza ishirini na tano hivi zinatosha kuanzia: haidrojeni, kaboni, naitrojeni, oksijeni, florini, sodiamu, magnesiamu, alumini, silikoni, fosforasi, salfa, klorini, potasiamu, kalisi, manganizi, chuma, kobalti, shaba, zinki, bromini, fedha, bati, iodini, zebaki na risasi. Utafundishwa kwa Kifaransa, na Kifaransa kitakusaidia katika baadhi ya alama, kisha kitakutega katika nyingine. Fe ni «fer», Ag ni «argent», Pb ni «plomb», Cu ni «cuivre». Hapo hakuna shida. Lakini N inasomwa «azote», Na ni «sodium», K ni «potassium», Sn ni «étain» na Hg ni «mercure». Aliyesoma Kilatini ana faida hapa, kwa kuwa natrium, kalium, stannum na hydrargyrum ndizo zilizozaa alama hizo.

Sisi wa Kivu tuna msaada mwingine. Neno wolframiti, ambalo kila anayeishi karibu na biashara ya madini amelisikia, linaeleza kwa nini alama ya «tungstène» ni W. Kasiteriti ni oksidi ya bati, SnO₂, na koltani hubeba niobiamu na tantalamu. Tengeneza kadi ndogo za karatasi, alama upande mmoja na jina la Kifaransa pamoja na la Kiswahili upande wa pili, uzipitie asubuhi na jioni kwa juma moja. Hapa, na karibu hapa peke yake, kukariri ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya tatu: atomu, ioni na fomula

Kuhusu atomu, usizame. Inatosha kujua kwamba idadi ya protoni ndiyo inayoipa elementi jina lake, kwamba atomu isiyo na chaji ina elektroni sawa na protoni, na kwamba atomu ikipoteza elektroni huwa ioni chanya, ikipokea huwa ioni hasi. Katika jedwali, safu ya sodiamu hutoa ioni zenye chaji +1, safu ya magnesiamu +2, safu ya klorini −1 na safu ya oksijeni −2. Mambo ya obiti na mawimbi ya elektroni yaachie mwalimu wako.

Ongeza ioni sita ambazo utakutana nazo kila juma: NO₃⁻, SO₄²⁻, CO₃²⁻, PO₄³⁻, OH⁻ na NH₄⁺. Sasa unaweza kujenga fomula kwa kanuni moja tu, kwamba chaji chanya na chaji hasi lazima zimalizane. Kalisi ni +2 na klorini ni −1, kwa hiyo zinahitajika klorini mbili: CaCl₂. Alumini ni +3 na salfeti, yaani SO₄²⁻, ni −2. Namba ndogo inayogawanyika kwa zote mbili ni 6, kwa hiyo alumini mbili kwa salfeti tatu: Al₂(SO₄)₃. Fanya fomula thelathini za namna hii kabla ya kuendelea.

Jambo moja huwachanganya karibu wote, na walimu huwa hawalitaji kwa sababu wao wamelizoea: Kifaransa husoma fomula kuanzia nyuma. NaCl imeandikwa sodiamu kwanza, lakini husomwa «chlorure de sodium», klorini ikitangulia. Ukisikia «carbonate de calcium», andika kalisi kwanza: CaCO₃. Fanyeni zoezi hili wawili wawili, mmoja akisoma jina kwa sauti na mwingine akiandika fomula, kisha mbadilishane.

Hatua ya nne: kusawazisha milinganyo

Antoine Lavoisier, katika karne ya 18, alionyesha kwa mizani kwamba katika badiliko la kikemia masi haipotei wala haizaliwi. Kila mlinganyo ni tamko la ukweli huo. Tuchukue methani, gesi iliyoyeyuka kwa wingi katika vilindi vya ziwa letu la Kivu, na tuichome:

CH₄ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kushoto kuna haidrojeni nne, kulia mbili. Kwa hiyo tuweke 2 mbele ya H₂O. Sasa kulia kuna oksijeni nne, mbili katika CO₂ na mbili katika molekuli mbili za maji. Kwa hiyo tuweke 2 mbele ya O₂:

CH₄ + 2 O₂ → CO₂ + 2 H₂O

Namba kubwa zinazotangulia fomula unaruhusiwa kuzibadilisha. Namba ndogo zilizo ndani ya fomula ni marufuku kuzigusa. Mwanafunzi anayebadilisha H₂O kuwa H₂O₂ ili hesabu itimie amegeuza maji kuwa dawa inayochoma vidonda. Anza na kaboni, kisha haidrojeni, na oksijeni iwe ya mwisho. Mpangilio huo hukuokoa katika karibu kila mlinganyo wa kuungua. Jaribu na propani, C₃H₈, mpaka upate oksijeni tano, kaboni dioksidi tatu na maji manne.

Hatua ya tano: moli, na usiende haraka

Hapa ndipo darasa hugawanyika, na hapa nakuomba ukae majuma matatu bila kuona aibu.

Nenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi ukanunue misumari ya mabati. Muuzaji haihesabu mmoja mmoja, anaipima kwenye mizani. Lakini anayejua uzito wa msumari mmoja anaweza kukuambia katika kilo mbili mna misumari mingapi. Anahesabu kwa kupima. Mwanakemia hufanya vilevile, kwa sababu atomu ni ndogo mno kwa yeyote kuzihesabu. Amechagua fungu moja kubwa na kuliita moli, kama sisi tunavyoita vitu kumi na viwili dazeni. Fungu hilo lina chembe 6,02214076 × 10²³, na tangu mwaka 2019 namba hiyo imewekwa kuwa kamili kwa makubaliano ya kimataifa. Uzuri wake ni kwamba namba unayoisoma kwenye jedwali chini ya jina la elementi ni masi ya moli moja kwa gramu. Kaboni ni 12, kwa hiyo moli moja ya kaboni ni gramu 12. Maji ni 1 + 1 + 16, kwa hiyo moli moja ya maji ni gramu 18, ambazo hazijazi vijiko vinne vidogo.

Kutokana na hapo, karibu maswali yote ya mwaka wa kwanza hupita njia moja yenye vituo vitatu: toka gramu uingie moli, vuka mlinganyo kutoka moli za kitu kimoja kwenda moli za kingine, kisha toka moli urudi gramu. Usivuke kamwe mlinganyo ukiwa bado umebeba gramu.

Tuhesabu makala, yaani mkaa wa kupikia. Tuseme kilo moja yake ni kaboni tupu, ingawa makala halisi yana majivu na unyevu. Mlinganyo ni C + O₂ → CO₂. Gramu 1 000 ÷ 12 ni moli 83,3 za kaboni. Mlinganyo unasema moli moja kwa moli moja, kwa hiyo tunapata moli 83,3 za kaboni dioksidi. Moli moja ya gesi hiyo ni gramu 12 + 32 = 44; zidisha, utapata gramu 3 667 hivi. Kilo moja ya kaboni hutoa zaidi ya kilo tatu na nusu za gesi, na wanafunzi wengi hukataa jibu hilo mara ya kwanza wakidhani wamekosea. Hawajakosea: kilo 2,67 zilizoongezeka ni oksijeni iliyotoka hewani. Hiyo ndiyo sababu makala yakiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa oksijeni hupungua, na kaboni, ikikosa ya kutosha, hutoa kaboni monoksidi, CO, sumu isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Usisome usiku na imbaula, jiko la makala, ndani, hata kukiwa na baridi kiasi gani.

Fanya pia hesabu za asilimia. Katika SnO₂ bati ni 118,7 na oksijeni mbili ni 32, jumla 150,7. Gawanya 118,7 kwa 150,7, utapata karibu 0,788. Kilo moja ya kasiteriti safi ina gramu 788 za bati.

Halafu kuna kiambato kinachoisha kwanza. Chukudu moja, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inahitaji fremu moja na magurudumu mawili. Fundi mwenye fremu 7 na magurudumu 10 atatengeneza chukudu 5, na fremu 2 zitabaki zimelala. Magurudumu ndiyo yaliyoamua, ingawa idadi yake ilikuwa kubwa kuliko ya fremu. Katika swali lenye viambato viwili, geuza vyote kuwa moli, gawanya kila kimoja kwa namba yake ya mlinganyo, na kile chenye jibu dogo ndicho kinachoamua.

Kuhusu gesi, utafundishwa kwamba moli moja ya gesi yoyote huchukua lita 22,4. Andika pembeni mwa daftari kwamba hiyo ni kwa nyuzi 0 na shinikizo la usawa wa bahari. Goma iko karibu mita 1 500 juu ya bahari, shinikizo la hewa hapa ni dogo zaidi, na kwa nyuzi 20 moli hiyohiyo hujaza kati ya lita 28 na 29. Mtihani utataka 22,4, lakini ujue kwamba namba hiyo ina masharti yake.

Moli hukueleza vilevile mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kuua. Moli ya kaboni dioksidi ni gramu 44, na moli ya hewa, ambayo ni naitrojeni na oksijeni zilizochanganyika, ni karibu gramu 29. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo ikitoka kwenye nyufa za ardhi ya volkano hushuka na kulala mashimoni na mabondeni, hasa hewa inapotulia usiku na alfajiri, na mbuzi au mtoto akiinama humo hupoteza fahamu ilhali mtu mzima aliyesimama pembeni haoni kitu. Methani ni gramu 16, nyepesi kuliko hewa, na yenyewe hupanda. Wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno letu na kuliandika mazuku katika machapisho yao. Mwanafunzi wa Goma aweze basi kulieleza kwa namba.

Hatua ya sita: myeyusho na ukolezi

Ukolezi ni moli zilizoyeyuka katika kila lita ya myeyusho: c = n/V. Mfano bora ninaoujua umo ndani ya pakiti ya chumvi za kurudisha maji mwilini, ile ambayo vituo vya afya huiita SRO. Kwa lita moja, fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 13,5 za glukosi, gramu 2,6 za chumvi ya kawaida, gramu 1,5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2,9 za sitreti ya sodiamu. Glukosi ni C₆H₁₂O₆, moli yake gramu 180. 13,5 ÷ 180 ni moli 0,075 kwa lita. Kloridi ya potasiamu ni 39 + 35,5 = 74,5; 1,5 ÷ 74,5 ni karibu moli 0,020 kwa lita. Sasa jiulize kinachotokea mama akiimimina pakiti nzima katika nusu lita: moli ni zilezile, lita zimepungua kwa nusu, ukolezi umeongezeka maradufu, na mtoto anakunywa maji yenye chumvi kupita kiasi. Anayekwenda kusomea uuguzi arudie hesabu hii mpaka aifanye bila karatasi.

Kuzimua hufuata kanuni ya c₁V₁ = c₂V₂, kwa sababu kuongeza maji hakubadili moli. Wakati wa Ebola mwaka 2019 wengi wetu tulinawa kwa klorini ya asilimia 0,05 milangoni, ilhali ya asilimia 0,5 ilikuwa ya kusafishia vifaa na sakafu. Kupata lita 10 za myeyusho wa kunawia unachukua lita 1 ya ule mkali na kuongeza maji lita 9. Wengi huandika lita 10 za maji, wakisahau kwamba V₂ ni ujazo wa mwisho wote.

Hatua ya saba: asidi, besi na pH

Hapa naweza kwenda haraka, maana aliyeielewa moli atapita. Myeyusho wenye moli 0,01 za ioni za haidrojeni kwa lita, yaani 10⁻², una pH 2: pH ni kipimo cha asidi, na hapa ni kile kipeo cha kumi bila alama ya kutoa. Ukiuzimua mara kumi unakuwa 10⁻³ na pH 3. Kila namba moja ni mara kumi, na hilo ndilo la kushika. Ukitaka kuona kwa macho, chemsha majani ya kabichi nyekundu, chuja maji yake ya zambarau, uyagawanye katika vikombe vitatu: ndimu itayageuza mekundu, maji ya majivu yatayageuza kijani, na kikombe cha tatu ukiache kwa kulinganisha. Usijaribu kamwe kuchanganya Javel, ile dawa ya maji yenye klorini, na ndimu, siki au dawa ya kusafishia choo, kwa sababu asidi huifungua klorini na kuitoa kama gesi inayochoma mapafu.

Namna ya kugawa siku na lugha

Anza kila kikao kwa dakika ishirini za kurudia maswali ya jana bila kutazama majibu, kisha soma jambo jipya kwa nusu saa, na muda uliobaki wote uwe wa mazoezi. Umeme ukikatika mara kwa mara mtaani kwenu, pakua video mapema na ufanye mazoezi mchana kwa karatasi. Mweleze mwenzako kila hatua kwa Kiswahili kwanza, kama mtu anayemweleza mdogo wake, kisha uandike jibu kwa Kifaransa, kwa kuwa ndicho kitakachosahihishwa. Nimewaona wanafunzi wanaotamka «la quantité de matière» vizuri kabisa bila kujua kwamba maana yake ni idadi ya moli tu. Waombe kaka na dada waliotangulia maswali ya mitihani ya miaka iliyopita, kisha uyafanye kwa saa, karatasi ikiwa imefunikwa.

Mwishoni mwa juma la kumi, jipime kwa swali hili, bila msaada, ndani ya dakika kumi na tano: gramu 250 za «carbonate de calcium» zinachomwa mpaka zinavunjika zote kuwa CaO na CO₂, andika mlinganyo, tafuta masi ya kila zao, na ujazo wa gesi kwa nyuzi 0 na shinikizo la usawa wa bahari. Ukipata gramu 140 za oksidi ya kalisi, gramu 110 za kaboni dioksidi na lita 56, uko tayari kuingia darasani. Ukipata masi mbili ambazo jumla yake si 250, rudi hatua ya nne.